Jina la Uvimbe Kabla ya Dawa

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto akauita sakoma, yaani saratani ya tishu kama misuli na mifupa, na baadaye ndipo wanapatholojia walipobaini kwamba ulikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga. Kosa hilo halikuwa la uzembe, kwani chini ya hadubini seli ndogo za mviringo za saratani kadhaa za watoto hufanana kama mapacha, ilhali tiba zake hazifanani.

Kinachozitenganisha leo ni kingamwili, protini zinazonata kila moja kwenye kitu kimoja mahususi, ambazo Köhler na Milstein walionyesha mwaka 1975 namna ya kuzitengeneza kwa wingi zikiwa za aina moja tu. Tone la kingamwili ya CD20, protini iliyo kwenye utando wa limfositi B (aina ya seli za kinga), likiwekwa juu ya kipande chembamba cha kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa kisha likafuatishwa na rangi, kila seli yenye protini hiyo huzungukwa na pete ya kahawia. Katika limfoma ya Burkitt huonekana CD20 na CD10, na Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, hupaka karibu viini vyote.

Wanaosita kugharimia kipimo hiki katika hospitali za Afrika Mashariki wana hoja: kingamwili ni ghali, huhitaji jokofu lisilozimika, na chupa huweza kuisha muda kabla haijatumika. Hata hivyo, hakuna anayelazimika kununua aina mia. Kingamwili nne tu, za CD20, CD3, CD30 na Ki-67, zikitunzwa vyema katika maabara ya rufaa, zinatosha kuanza kuzichambua limfoma nyingi, na mgonjwa mwenye matezi yaliyovimba shingoni hatameza dawa za kifua kikuu kwa miezi, akidhaniwa ana ugonjwa huo, huku saratani ikisambaa. Fedha za kwanza ziende chumba cha upasuaji, kwa sababu kinyama kilichocheleweshwa kutiwa formalini, kimiminika cha kuhifadhi tishu, au kilichotumbukizwa katika formalini kidogo mno, huharibika protini zake, na jibu la “hakuna” linalotoka hapo ni la uongo. Na ili kujua kama kingamwili na rangi zenyewe zimefanya kazi, kila kipimo kinapaswa kwenda sambamba na kipande cha findo la koo, ambalo limejaa limfositi. Findo hilo lisipogeuka kahawia, jibu la mgonjwa lisitoke maabara.