KIMYA CHA MFANYAKAZI

Mtazamaji wa televisheni humwona mtu mmoja tu. Humwona mwaguzi amesimama chini ya taa, amefumba macho, mkono mmoja hewani, asema na marehemu wa watu. Hawaoni wale wengi wasimamao gizani: mpiga picha, fundi wa sauti, fundi wa taa, karani aandikaye majina ya wageni mlangoni, kijana avutaye nyaya sakafuni, na yule ambaye baadaye huzikata picha na kuziunga. Hao ndio waijengao shughuli yote, na leo twapenda kusema habari zao, maana za mwaguzi zimekwisha kusemwa sana.

Lugha yetu inalo neno juu ya mtu apandwaye na pepo: huitwa kiti. Pepo hukikalia kiti chake akasema. Huko Uingereza na Marekani kiti kinao mafundi wake, na mafundi hao wana mshahara, wana mikataba, na wana watoto wa kulisha. Ndiyo sababu jambo hili latuhusu sisi tunaofanya kazi kwa ujira.

Kazi yenyewe haianzi mbele ya kamera. Huanzia mlangoni. Mtu atakaye kuingia hutoa jina lake apewe tikiti, kisha husimama katika mstari pamoja na wenziwe, na mwenye msiba hapendi kunyamaza; humwambia jirani yake kwamba mume amefariki, au kwamba mtoto alizama maji. Hatusemi kwamba kila kipindi huweka masikio katika mstari ule. Twasema si kazi ngumu kuyaweka. Ndani ya ukumbi mwaguzi huuliza kwa kupapasa: naona mzee, naona herufi J, au pengine G, naona maumivu ya kifua. Katika ukumbi uliojaa watu, ni nani asiyekuwa na mzee wa namna hiyo? Akikosea mara kumi akapata mara mbili, yule mwenye mkasi huziacha zile mbili na kuzitupa kumi, na nyumbani watu hushika vinywa vyao. Kwa maoni yetu mwaguzi mkuu ni mkasi huo.

Mwaka 2001 kituo cha NBC cha Marekani kilimhoji John Edward, ambaye kipindi chake cha kusema na wafu kilikuwa na sifa kubwa siku zile. Akiwa mbele ya kamera Edward alianza kupata habari za marehemu, na habari zile zikamwangukia mmoja wa wapiga picha waliokuwa kazini mle chumbani, ambaye baba yake alikuwa amekufa. Jambo la ajabu! Lakini mwandishi John Hockenberry alikumbuka kwamba mchana ule ule mpiga picha huyo alikuwa amekwisha kukaa na Edward akimpiga picha nyingine, na wawili hao walikuwa wamezungumza. Alipobanwa, Edward hakuweza kukana. Mfanyakazi alikuja kushika kamera, akatoka amekuwa sehemu ya mchezo bila kuulizwa.

Wako walioulizwa, wakakubali. Mhubiri Peter Popoff wa Marekani aliyekuwa akiponya watu katika televisheni alikuwa akitaja majina na maradhi ya watu asiowajua, ati amefunuliwa. Mwaka 1986 James Randi na wenzake walinasa mawimbi ya redio ya masafa ya 39.17, wakasikia sauti ya mkewe Popoff. Alikuwa nje ya ukumbi akimsomea mumewe, ambaye alikuwa na kifaa kidogo sikioni, habari ambazo watu wenyewe walikuwa wamezitoa kabla ya ibada. Kinasa sauti kilifunguliwa mbele ya taifa zima katika kipindi cha Johnny Carson, na mwaka 1987 Popoff akatangaza kwamba amefilisika. Miaka ya baadaye alirudi tena katika televisheni, lakini hilo si neno letu leo.

Neno letu leo lipo Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza. Kipindi cha Most Haunted kilianza mwaka 2002 katika kituo cha Living. Watu wa kipindi hicho walikuwa wakilala usiku katika majumba ya kale na magereza mabovu wakitafuta mizuka, na mwaguzi wao mkubwa alikuwa Derek Acorah. Pamoja nao alikuwako msomi mmoja, Ciarán O'Keeffe, mwalimu wa chuo kikuu huko Liverpool, ambaye kazi yake ilikuwa kuyapima mambo hayo kwa akili ya kisayansi. O'Keeffe aliingiwa na shaka. Basi walipokuwa wakienda kwenye gereza la kale la Bodmin alitunga mtu asiyepata kuzaliwa, mlinzi wa gereza kutoka Afrika Kusini, akampa jina la Kreed Kafer. Aliliandika jina hilo, akamwomba mfanyakazi mwenziwe alitaje mbele ya Acorah kabla ya kamera kuanza. Kamera zikaanza, na Acorah akapagawa na mlinzi yule.

Msomaji ajuaye Kiingereza na azipange upya herufi za jina hilo. Atapata Derek Faker, maana yake Derek mlaghai. O'Keeffe alirudia tena kwa jina la mnyang'anyi wa barabarani, Rik Eedles, na hilo nalo ukilipanga upya linakuwa Derek Lies, yaani Derek asema uongo. Naye mnyang'anyi huyo pia akaja. Oktoba 2005 O'Keeffe alipeleka habari hizo katika gazeti la Daily Mirror, na mwaka ule ule Acorah akakiacha kipindi. Acorah alifariki mwaka 2020, wala hakuwahi kukubali kwamba alikuwa mlaghai.

Twakiri kwamba tulicheka tuliposoma habari hizo. Kisha tukajiuliza habari za yule mwingine, mfanyakazi aliyeombwa kulitaja jina. O'Keeffe alikuwa na kiti chake chuo kikuu. Kipindi kikimfukuza, Jumatatu ataingia darasani kama kawaida. Mvuta nyaya hana darasa. Akisema, hatafukuzwa katika kipindi kimoja tu, bali jina lake litatangulia mbele yake katika kila studio atakayobisha hodi. Watu humlaumu upesi mfanyakazi aliyenyamaza, na walaumuo zaidi ni wale ambao ulimi wao haujawahi kuwagharimu kitu. Sisi hatumlaumu upesi. Lakini pia hatusemi kwamba hana dhambi yoyote, kwa kuwa mkono ulioshika mkasi haukujisogeza wenyewe.

Na sheria je? Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 imlindayo mfanyakazi afichuaye maovu ya kazini. Ni sheria njema. Tatizo ni kwamba lazima kwanza pawe na ovu. Sheria ya mwaka 1951 iliyowahusu waaguzi walaghai ilisema wazi kwamba haimgusi mtu afanyaye mambo hayo kwa burudani tu. Nayo ilifutwa mwaka 2008, mahali pake pakawekwa kanuni za kuwalinda wanunuzi. Watazamaji walipokilalamikia Most Haunted, Ofcom, mamlaka isimamiayo utangazaji, iliamua Desemba 2005 kwamba kipindi kile ni burudani wala si uchunguzi wa kweli, na kwa hiyo hakikuvunja kanuni. Neno moja, burudani, na mlango umefungwa. Mfanyakazi atafichua nini, ikiwa wakubwa wamekwisha kuamua kwamba hakuna aliyedanganywa?

Basi twende Cleveland, huko Marekani. Mwaka 2003 msichana wa miaka 16 alipotea mjini humo. Mwaka 2004 mama yake aliketi katika kipindi cha Montel Williams mbele ya mwaguzi Sylvia Browne, na Browne akamwambia kwamba mwanawe hayuko hai tena. Mama alirudi nyumbani akaziondoa ukutani picha za binti, akaitoa kompyuta yake akawapa watu. Mwaka 2006 mama akafa. Tarehe 6 Mei 2013 binti alitoka mbio katika nyumba ya mjini Cleveland alimokuwa amefungiwa miaka yote ile, yu hai, naye sasa ana mtoto wake mwenyewe.

Hiyo nayo ilikuwa burudani?

Katika kila studio yuko mtu ambaye kazi yake ni kumbandika mgeni kipaza sauti kifuani. Humwinamia, humrekebishia kola, huwa karibu naye hata asikie pumzi zake. Twawataka wenye vituo waliache lile neno lao la burudani lipandalo mwishoni mwa kipindi kwa herufi za sisimizi, wakati watu wanainuka kwenda kulala. Na wampe mfanyakazi huyo ruhusa, iandikwe katika mkataba wake, amwambie mama mwenye msiba kabla hajaketi: haya ni mchezo, na huyu hajui mwanao yuko wapi.

Wenye vituo watatujibu kwamba mama akiambiwa hivyo hataketi. Nasi twawasadiki.