Vijiti vya Kuhesabia

Wako wasemao kwamba mtoto hafundishiki hesabu nyumbani pasipo kununuliwa shanga za rangi, na kwamba vijiti ni alama ya ufukara. Msomaji, wewe uombwaye msaada na mdogo wako kila jioni, usiwasadiki. Shanga zilizotungwa katika waya hazifungwi wala hazifunguliwi. Mtoto huzisukuma huku na huku, akatekwa na rangi, akasahau hesabu. Punje za mahindi zafaa kwa kujumlisha, maadamu kuku hawapo karibu.

Kata vijiti mia, uvifunge kumi kumi kwa kamba za mgomba. Kisha mwambie atoe 17 katika 52. Ana matita matano na vijiti viwili; vijiti saba havitoki katika viwili. Mwache afungue tita moja kwa mkono wake mwenyewe: vile viwili vimekuwa 12. Aondoe saba, vibaki vitano. Aondoe na tita moja, yabaki matatu. Ni 35, naye ameona kwa macho yake ile kumi ilikotoka.

Mimi nilipokuwa mdogo niliambiwa tu, "Kopa moja." Nikachapwa kwa kutojua namkopa nani, wala deni lenyewe litalipwa lini.