Picha bila profaili, na nyuso zetu kugeuka makaa

Leo naongelea jambo ambalo wengi mtasema ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Si kweli jamani. Linamhusu kila mwenye picha ya marehemu babu yake kwenye bahasha, na sisi wa Ndanda, Masasi na Newala linatugusa zaidi. Ni habari ya taarifa za rangi ndani ya faili la picha, hasa lile faili la zamani liitwalo BMP, ambalo bado nakutana nalo kwenye steshenari za huku kwetu.

Msimamo wangu nausema mapema: picha iliyoskaniwa bila profaili ya rangi haijahifadhiwa. Imewekwa tu.

Ngoja nieleze. Kompyuta haijui nyekundu wala nyeusi, inajua namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Sasa 40 ni giza kiasi gani? Inategemea nani anaisoma. Ni kama kumwambia mtu "nipe mia mbili" bila kusema ni shilingi au metikali. Sisi tulio karibu na Ruvuma tunajua hizo si hela moja. Profaili ndiyo inayotaja sarafu.

BMP ilichelewa kulijua hilo. Faili lake huanza na baiti 14 zenye herufi BM, kisha kinafuata kichwa cha maelezo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha baiti 40. Humo kuna upana, urefu, idadi ya biti kwa kila pikseli, hata pikseli ngapi kwa mita wakati wa kuchapa. Maana ya rangi? Hakuna nafasi yake. Windows 95 ikaja na kichwa cha baiti 108 kinachoweza kutaja rangi tatu za msingi na gama, yaani jinsi namba zinavyogeuzwa kuwa mwangaza. Windows 98 ikafikisha baiti 124, na hapo ndipo BMP ilipoweza kubeba profaili kamili ya ICC, lile shirika la viwango vya rangi lililoanzishwa 1993. (Kuna na namna ya kuandika jina tu la faili la profaili lililoko kwenye kompyuta yako. Ukipeleka picha Dar kwenye flashi, jina linafika, profaili imebaki Ndanda!)

Shida ni kwamba programu nyingi ziliendelea kuandika kile kichwa cha baiti 40, na nyingine zinaliruka fungu la rangi hata likiwepo.

Sasa tuone nani anaumia. Hadi 2009 kompyuta za Macintosh, ambazo zilitawala vyumba vya usanifu wa magazeti na vitabu duniani, zilitumia gama 1.8 wakati Windows ilitumia 2.2. Chukua picha iliyotengenezwa kwa 1.8, ifungue kwenye mashine ya 2.2 bila taarifa yoyote. Shati jeupe lenye namba 200 linashuka kutoka asilimia 65 ya mwangaza hadi 59. Nani atagundua? Lakini kivuli cha shavu la bibi yangu, chenye namba 40, kinashuka kutoka asilimia 3.6 hadi 1.7. Zaidi ya nusu imepotea! Shati linabaki shati, uso unakuwa makaa.

Kosa lilelile la hesabu, basi, halimpati kila mtu sawa. Nalo si geni. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakisambaza kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley. Ng'ambo tu ya mto wetu, Msumbiji, inaelezwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean-Luc Godard alikataa kutumia filamu ya Kodak akidai ni ya kibaguzi. Filamu iliboreshwa baadaye. Sisi tuna kichwa cha faili, na hicho hakihitaji kiwanda cha Marekani kukirekebisha.

Fikiria pia vinyago vya mpingo. Fundi wa Kimakonde anasugua weusi juu ya weusi, na kazi yake yote, mikunjo, vidole, macho ya shetani, ipo kwenye zile namba za chini. Ukipoteza giza umebaki na gogo.

Mwaka 1906, mwaka ambao Wabenediktini walianza Ndanda, Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala na kamera yake. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, lakini ngazi za kijivu nazo zinahitaji gama. Wazee wetu waliomo humo walipigwa picha bila kuulizwa sana, nadhani. Tusiwafute tena kwa uvivu wa kuskani.

Najua jibu: "Siku hizi kila skrini ni sRGB, ya nini usumbufu?" Kwanza si kila skrini, simu nyingi sasa zina rangi pana zaidi. Pili, skana ina macho yake yenyewe. Wengine wanaogopa faili kuwa kubwa. Haya, picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ni baiti milioni 6 na zaidi. Profaili ya kawaida ya sRGB ni baiti 3,144. Ni korosho moja kwenye ndoo ya lita 20.

Kwa hiyo ukienda steshenari na picha ya mzee wako, mwambie kijana wa pale asihifadhi kwa BMP. Aseme TIFF au PNG, na aweke alama kwenye kisanduku cha profaili ya rangi kama skana inacho. Ukiwa tayari na BMP, usiitupe. Andika skana gani na programu gani ziliitengeneza, kisha ukiifungua kwa GIMP, ambayo ni bure, ipe profaili na uihifadhi upya kwa jina jingine. Na ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha inabanwa.