Sikio Lako Linakudanganya: Seti Injini kwa Takometa

Wasee wa ndege za rimoti, leo nitawaudhi kidogo. Hii stori ya "mimi huseti kwa sikio tu" inatuharibia mashine. Kwa injini ya mipigo minne, sikio halitoshi, na anayekufunza hivyo anakuuzia hewa.

Tuanze na vile inavyofanya kazi. Injini ya mipigo miwili hulipuka kila mzunguko. Ukiikausha, yaani ukiipunguzia mafuta, sauti inabadilika waziwazi: inaacha kubwabwaja, inaanza kulia kwa ukali. Hata mtoto atasikia. Ya mipigo minne inanyonya, inakandamiza, inalipuka, inatoa moshi. Hiyo ni mizunguko miwili kwa mlipuko mmoja. Sauti yake ni nzito na tamu, na huo utamu ndio mtego. Ukivuka mpaka, haikupigii kelele.

Najua mtaniambia, "Lakini fundi wa boda huseti kabureta kwa sikio, na boda ni mipigo minne." Sawa. Boda ina plagi ya cheche, na kuna kifaa kinachopanga cheche itoke wakati gani. Injini yetu ndogo ya methanoli haina cheche. Ina plagi yenye kiwaya cha platinamu kinachobaki chekundu kwa joto na kwa methanoli yenyewe. Mafuta yakipungua na joto likipanda, mlipuko unakuja mapema, pistoni bado inapanda. Injini inapiga teke kinyumenyume, nati inalegea, propela inaruka. Propela iliyokuwa inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika! Unadhani kwa nini injini hizi huja na nati ya pili ya kufunga ile ya kwanza? Si urembo.

Halafu kuna mambo ya kukopi. Jamaa kwa video anasema fungua sindano mizunguko kadhaa, basi. Yeye yuko wapi? Kama yuko kando ya bahari, hesabu yake si yako. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Sindano ileile inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Injini inakohoa, wewe unasema umeuziwa feki. Kinyume chake ni kibaya zaidi: iseti vizuri Nairobi, shuka nayo Mombasa bila kugusa sindano, na tayari umeikausha.

Njia yenyewe si siri. Injini ikiwa baridi, pima nafasi ya vali. Vitabu vya O.S., kampuni ya Japani iliyotoa FS-60 mwaka 1976, vinataja milimita 0.04 hadi 0.10. Washa, iache ipate joto. Fungua mafuta hadi mwisho, kisha simama nyuma ya propela, kamwe si mbele wala ubavuni. Funga sindano kubwa polepole, klik moja moja, ukitazama takometa. Namba ikiacha kupanda, rudisha sindano hadi ishuke mizunguko 200 au 300. Acha hapo. Mwambie rafiki ashike ndege imara na kuinua pua juu. Namba ikianguka, bado ni kavu, ongeza mafuta. Ukimaliza hiyo ndio uguse sindano ndogo ya mwendo wa chini.

Hiyo mizunguko 200 ndiyo inawauma watu. "Mbona niache nguvu?" Kwa sababu mafuta hayo ya ziada ndiyo yanapoza injini, na ndani yake ndimo mna oili inayolainisha. Ukiyabana, unakula injini yako mwenyewe ili usifiwe uwanjani kwa dakika tano.

Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo usiniambie hii ni mambo ya mainjinia. Ni kusoma namba. Takometa ya mkononi ni rahisi kuliko injini, na moja inatosha uwanja mzima mkichanga. Wale wakongwe wanaokataa kuitumia wanafanya ujuzi uonekane uchawi ili muendelee kuwaita. Mwenye anajua kazi haogopi kupimwa.

Ukitaka kubisha, karibu sana. Kuja na takometa.