Ukiwa na Pesa za Kitabu Kimoja tu cha Elektroniki

Leo naweka programu kando kidogo, nizungumzie vitabu. Juma hili binamu yangu aliye Kalamba, kule kwetu Makueni, alinipigia simu. Anaingia chuo cha ufundi kusomea elektroniki, na mama yake ameuza ndengu akamtengea pesa za kitabu. Kitabu kimoja tu. Akaniuliza, "Kaka, si ninunue kile chenye maswali mengi zaidi?"

Nilimwambia hapana. Wengi wenu mtashangaa, maana sote tumelelewa kuamini kwamba kitabu kizuri ni kile chenye maswali mengi na majibu yake yote. Mimi pia niliamini hivyo, na imani hiyo iliniaibisha mbele ya watu sokoni.

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea sayansi ya kompyuta. Somo la saketi lilikuwa la lazima. Nikanunua kitabu kinene chenye mamia ya maswali yaliyokokotolewa hatua kwa hatua. Niliyasoma kama mtu anavyosoma riwaya: swali, jibu, naam nimeelewa, fungua ukurasa. Mtihani nikaupita vizuri.

Likizo ikafika nikarudi Kalamba. Mama mdogo alikuwa na duka sokoni, na juu ya paa alikuwa na paneli ya sola iliyochaji betri ya volti 12 kwa ajili ya taa. Wateja walikuwa wakimwuliza kama angeweza kuwachajia simu. Mimi msomi nikasema hilo ni jambo dogo! Simu inataka volti 5, betri ina 12, na kitabuni nilikuwa nimesoma kigawa volteji: rezista mbili mfululizo, unachukua volteji katikati yake. Nikaunga rezista ya kiloomu 6.8 na ya kiloomu 4.7. Hesabu ni rahisi: 12 mara 4.7, gawanya kwa 11.5, unapata volti 4.9. Nikapima kwa mita, ikasoma karibu volti 5. Watu wakapiga makofi.

Tukachomeka simu. Kimya. Nikapima tena, mita ikasoma kama sifuri.

Kosa langu ni hili. Simu inayovuta nusu ampea kwa volti 5 ni kama rezista ya omu 10. Ukiiweka sambamba na ile ya kiloomu 4.7, unabaki na karibu omu 10, mbele yake kiloomu 6.8. Kokotoa upya: volteji inaanguka hadi volti 0.02 hivi. Nikajaribu rezista ndogo zaidi, zikaanza kunuka moto. Mama mdogo akanitazama akasema, "Mwanangu, kwani hicho kitabu chako hakijui kwamba simu inakula?"

Kitabu hakikujua. Maswali yote ya kigawa volteji niliyosoma yalikuwa hayana mzigo. Nilikuwa nimejifunza hesabu thelathini zinazofanana nikadhani nimejifunza mambo thelathini. Mwishowe tulinunua chaja ya gari, ile inayobadilisha volti 12 kuwa 5 bila kupoteza umeme mwingi kama joto, na biashara ikaanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa, kipime kitabu kwa mambo matatu.

Kwanza, fungua sura ya kigawa volteji. Je, kuna swali lenye mzigo uliounganishwa? Kama hakuna, rudisha kitabu kwenye rafu.

Pili, tafuta swali la taa ya LED. Betri ya volti 9, LED inayochukua volti 2, mkondo wa miliampea 20. Kila kitabu kitakuambia rezista ni omu 350. Lakini nenda dukani ukaitishe rezista ya omu 350! Zinazopatikana kwa kawaida ni 330 au 390. Kitabu kizuri hakikuachi hapo. Kitakuambia chukua 390, mkondo utakuwa karibu miliampea 18, LED itawaka vizuri, na rezista ya robo wati inatosha kwa sababu joto lake halifiki wati 0.13. Jibu la namna hiyo limeandikwa na mtu aliyewahi kushika chuma cha kulehemu.

Tatu, angalia kama kuna maswali yenye jibu la mwisho tu, bila hatua. Hayo ndiyo yanayokufundisha. Sisi watunga programu tunalijua jambo hili: kusoma programu ya mwenzako ukaielewa si sawa na kukaa mbele ya skrini tupu ukaandika yako. Swali lililokokotolewa linakupa raha ya kuelewa, lakini kazi ameifanya mwingine.

Sasa majina. Wengi watakuambia ununue The Art of Electronics cha Paul Horowitz na Winfield Hill. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana: kilitoka mara ya kwanza mwaka 1980, na toleo la tatu la 2015 lina zaidi ya kurasa 1,200. Nakipenda sana, lakini hakikuandikwa kumfunza anayeanza hesabu za saketi. Vile vya B. L. Theraja ni ghala la maswali ya umeme wa kila aina, mashine na mitambo ikiwemo. Kwa anayeanza, ni bahari bila ufuo. Mimi ningeanza na Basic Electricity cha Milton Gussow katika mfululizo wa Schaum's. Kina maelezo mafupi, mifano, maswali yaliyokokotolewa, kisha maswali ya ziada yenye jibu tu. Transista zitangoja; asiyeijua vizuri kanuni ya Ohm atazikariri tu.

Na kabla hata ya kununua, kuna Lessons in Electric Circuits cha Tony Kuphaldt. Ni juzuu sita, zinapatikana bure kwenye intaneti, na mwandishi mwenyewe ameruhusu zinakiliwe. Anza na juzuu ya kwanza, ya umeme wa mkondo mnyoofu.

Kitabu chochote utakachochagua, funika jibu kwa karatasi. Jaribu kwa dakika kumi. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, ufunike tena. Utaenda polepole na utaudhika, lakini usiposoma hivyo pesa za ndengu zimepotea.

Binamu yangu bado hajanunua kitabu. Ameanza na Kuphaldt kwenye simu yake. Juzi nilimtumia swali la duka la mama mdogo, bila jibu. Jana usiku akanitumia picha ya daftari: mistari minne, miwili imefutwa, mwisho volti 0.02. Chini yake ameandika, "Kaka, hii haichaji kitu. Nani aliitengeneza?"

Bado sijamjibu.