KUANDIKA DENI SI KULIPA

Ndugu wanachama, mwenye duka ajuaye kazi yake hadanganywi na daftari. Deni laweza kuandikwa kwa wino mzuri, na fedha bado haijaingia kisandukuni. Hivyo ndivyo tuyaonavyo majengo yetu ya kale: yameandikwa, yamepangwa madaraja, na huku yanaanguka.

Kila nchi ina njia yake ya kuyaandika. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1913, ina madaraja mawili. Jengo la daraja la juu haliguswi bila ya idhini ya Serikali, hata na mwenyewe. La chini lina masharti mepesi zaidi. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 1964, imeshika tarehe: jengo la kabla ya mwaka 1863 lalindwa moja kwa moja, na la baadaye lasubiri tangazo la Waziri.

Hapa Unguja, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, imo ndani ya mji huo. Orodha iliifaa nini? Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, upande mzima uliporomoka na watu wawili wakafariki.

Wako wasemao kuwa orodha, basi, haina maana. Sisi hatukubali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981. Yalipozidi kuharibika, mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikafanywa, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Orodha yenye ukaguzi hufanya kazi.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili zamani. Aliyejenga msikiti aliuwekea wakfu wa duka au shamba, akateua na msimamizi, ili kodi na mavuno yatengeneze paa na kununua mafuta ya taa. Hakuacha jina tupu.

Leo mpangaji mnyonge huambiwa atumie chokaa na boriti, asitumie saruji. Amri hiyo ni ya haki, kwani ndivyo kuta zile zilivyojengwa. Lakini asiposaidiwa gharama, atafanya nini ila kungoja mvua iamue?

Kwa hiyo twataka mbele ya jina la kila jengo paandikwe mambo matatu: nani msimamizi wake, lini limekaguliwa, na fedha za matengenezo zatoka wapi. Na orodha hiyo ibandikwe hadharani, kila raia aisome.

Wanachama, liulizeni jambo hili katika matawi yenu, na mwulizeni kila ajaye kuomba kura. Asiyeweza kujibu hayo matatu hajalinda kitu.