Waraka kwa wakuu wa shule zisizo za Serikali mkoani Katavi: Tusisaini mkataba ambao afisa kazi hajauona

Ndugu wakuu wa shule na walimu wakuu wenzangu wa Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika,

Nawaandikia kuhusu karatasi moja tu: mkataba wa ajira.

Wengi wetu tunaamini kwamba kwa kuwa ofisi ya elimu inatutambua, Serikali imekwisha kuridhia ajira zetu. Sivyo. Afisa elimu anaangalia vyeti vyako, usajili wa shule na ufundishaji. Mshahara wako, muda wako na sababu za kukuondoa vimo kwenye karatasi nyingine kabisa. Mwenye mamlaka ya kuidai karatasi hiyo ni afisa kazi, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, na mara nyingi anaiona wakati wewe na mmiliki mmekwisha kukosana.

Mtazameni mwenzetu anayetoka Uganda au Burundi kuja kuongoza shule huku. Kabla hajaanza kazi, maombi yake ya kibali hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi yakiambatana na mkataba wake, kwa sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Kibali chenyewe hakizidi miezi 24 kabla ya kuhuishwa. Mgeni mkataba wake unasomwa na Serikali. Sisi wenyeji tunasaini mezani kwa mmiliki, tukiharakishwa, wiki moja kabla shule haijafunguliwa.

Mimi niliongoza shule miaka minne kwa barua ya nusu ukurasa. Shule siitaji. Mwaka wa nne ufaulu wa Kidato cha Nne ulishuka, na siku chache baadaye nikakuta kitasa cha ofisi kimebadilishwa. Nilipodai haki yangu niliambiwa ukuu wa shule ni dhamana, si ajira. Nikazunguka kwa wazee na wasuluhishi wa mtaani hadi siku 30 zikaisha, na hizo ndizo siku za kufikisha shauri la kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana sitaki limkute mwingine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na viongozi unaruhusiwa, ila kanuni za 2017 zinataka usipungue miezi 12. Anayekupa miezi mitatu mitatu anakuchezea.

Someni kwa makini zaidi kifungu cha ufaulu. Siku hizi kinaandikwa waziwazi: matokeo yakishuka, mkuu anaondoka. Lakini ni nani aliyeandika kwamba mmiliki ataajiri mwalimu wa fizikia kabla ya muhula kuanza? Nani kaandika kwamba vifaa vya maabara vitanunuliwa, au kwamba mkuu atakuwa na sauti katika bajeti? Shule ya Karema au Inyonga inaweza kukaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati, kisha Januari mkuu akajibu peke yake. Sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Basi wajibu wa mmiliki uandikwe ukurasa uleule ulioandikwa wajibu wako, akikataa, usisaini.

Najua wako walioajiriwa na taasisi za dini wanaoona haya kudai maandishi, kwa kuwa kazi ni wito. Wito haufuti mkataba. Watoto wako wanakula, na NSSF haipokei baraka.

Naziomba ofisi zetu za elimu, zinapopokea jina la mkuu mpya wa shule, ziombe pia nakala ya mkataba wake na kumpelekea afisa kazi. Sisi tusisubiri agizo. Kila mwenye mkataba unaoisha Desemba hii aombe rasimu ya mpya sasa, aifikishe kwa afisa kazi anayehudumia mkoa wetu, na asitie saini kabla ya kupata maoni yake. Aliye mbali, Mishamo au Mpimbwe, ampe nakala mwenzake anayeshuka Mpanda mjini.

Mkuu wa shule mwenzenu,
Mpanda